Aliyeonja Kwanza

Neema aliweka beseni la maracuja, matunda ya pasheni, mbele ya miguu yangu, akaweka kisu juu yake, akasema, "Leo jusi utatengeneza weye. Mama amekufa, minye sina nguvu ya kubembeleza muntu." Tulikuwa nyuma ya nyumba ya mama yake, Shangazi Feza, hapa Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi, mazishi yakiwa yamekwisha na kilio kikiendelea. Mbele, chini ya turubai, wanaume waliketi kwenye viti vya plastiki vya kukodi na wanawake kwenye mikeka, na kila mtu alikuwa na kiu kwa sababu upepo wa ziwa ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nilikishika kisu. Tunda la kwanza lilikuwa limekunjamana kama linavyotakiwa, zito, na harufu yake ilinipanda puani kabla sijalikata. Aibu ikanirudia vilevile kama zamani, masikio yakiwaka na mikono ikiwa kama ya mtu mwingine. Ni zaidi ya miaka kumi sasa sijatengeneza kinywaji cha kuingia mdomoni mwa mtu bila kupita motoni. Kwangu Bukavu ninapika vinavyochemka tu. Mume wangu huwaambia wageni kwamba alioa mwanabiolojia anayeogopa saladi. Wageni hucheka, nami hucheka nao.

"Ulipona," Neema akasema kwa sauti ya chini. "Walikupima tena na tena. Ao hauamini hata labo yako mwenyewe?" Alijua pa kunigusa. Mimi ndiye niliyekuwa nikidai vipimo vya kila kitu, niliyemuuliza mchungaji kanisani amejuaje, niliyemkatalia muuza dawa mbele ya wateja wake. Nikakata tunda. Wakati huohuo kelele za mlangoni zikabadilika, zikawa zile za kumpokea mgeni aliyetoka mbali. Neema akachungulia kwenye kona ya nyumba, akarudi ameziba mdomo kwa kiganja. "Mungu wangu," akasema. "Ni Mama Hadija."

Mwaka ule nilioishi na Mama Hadija nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na lisansi, shahada ya biolojia, na bila kazi. Asubuhi nilifanya staji, mafunzo ya kazi yasiyolipwa, katika labo moja ya mjini, nikiosha vioo na kutazama damu za watu kwenye darubini. Mchana nilishuka kwenye malewa ya Shangazi Feza, kibanda chake cha chakula, karibu na kizuizi ambapo malori ya kwenda Burundi hungoja karatasi zao. Kilikuwa kibanda cha mbao zilizopakwa rangi ya bluu hadi pale rangi ilipokwisha, mabenchi manne, na meza moja ndefu iliyofunikwa nailoni yenye picha za zabibu. Wateja wetu wakubwa walikuwa wavunja pesa wa mpakani, yaani wabadilishaji wa fedha, watu wa maneno mengi, waliokula haraka huku jicho moja likitazama barabara. Jiko lilikuwa nyuma, likitengwa na ukuta wa bati kuukuu lenye matundu ya misumari, na kupitia matundu hayo tuliokuwa jikoni tulisikia yote yaliyosemwa mezani. Nyuma ya jiko kulikuwa na vyumba viwili. Kimoja nililala mimi na Neema kitanda kimoja. Kingine kilikuwa cha Mama Hadija, chenye kitanda, mkeka wa kusalia na sanduku la bati lenye kufuli ambalo sikuwahi kuliona limefungwa.

Mama Hadija ndiye aliyepika. Alikuwa mjane wa Kiislamu, wa zile familia za biashara zilizokaa Uvira tangu zamani sana, na binti yake Hadija alikuwa ameolewa Buyenzi, ng'ambo, Bujumbura. Shangazi Feza aliimba kwaya na kuvaa kitenge cha kanisa lake. Wawili hao walianza malewa kwa sufuria moja, wakagombana kila asubuhi kuhusu chumvi na kupatana kila mchana. Pilau ya Mama Hadija ya Ijumaa ilileta watu hadi kutoka Mulongwe. Ndagala zake za mawese, dagaa wa ziwani, zilikuwa kavu juu na laini ndani, na sombe, yaani kisamvu, aliipika kwa kuisahau motoni. Kazi yangu mimi ilikuwa jusi. Nilikata maracuja, nikatia nyama yake kwenye kitambaa, nikakamua kwa mikono miwili hadi mbegu zikabaki kavu, nikaongeza maji ya pipa na sukari. Kabla ya hapo malewa ilikuwa haina jusi. Wateja waliipenda, wakaiita jusi ya Lisansie, maana hilo ndilo jina walilonipa siku ya kwanza waliposikia nimesoma.

Mahali petu anayekupa kinywaji hukionja kwanza. Anakunywa funda moja mbele ya macho yako, ndipo anakupa kikombe. Tunaita hiyo kutosha sumu, yaani kuitoa. Hufanywa bila kufikiri, kama kubisha hodi, na asiyefanya huonekana hana adabu hata kama hakuna anayemshuku. Mama Hadija alionja mchuzi kwa kijiko mbele ya mteja wa kwanza wa kila siku. Mimi nilionja jusi. Niliona ni mambo ya zamani, nikamwambia hivyo, kwa sababu nilimwambia kila mtu kila kitu. "Kama ni sumu inayoua polepole," nilisema, "funda lako linathibitisha nini? Utakufa wiki ijayo pamoja nao." Alinitazama huku akifuta kijiko. "Weye ulisoma sana," akasema. "Onja tu."

Homa zilianza baada ya mvua za kwanza. Mvunja pesa mmoja hakuonekana, tukasikia amelazwa. Kisha dereva wa lori, kisha ndugu wawili waliokuwa wakikaa benchi la mlangoni. Ilikuwa homa isiyoshuka, kichwa kikiuma kama kimefungwa kamba, tumbo limejaa, ulimi mweupe. Labo yetu iliwaandikia tifoide, homa ya matumbo, lakini labo yetu iliwaandikia tifoide karibu watu wote, nami nilikuwa nimekwisha kuwaudhi wakubwa wangu kwa kusema kwamba kipimo chao cha damu kilikuwa bora kidogo tu kuliko kurusha sarafu. Mezani, upande wa pili wa bati, hakuna aliyesema tifoide. Nilikuwa nikikamua jusi siku niliyosikia neno lenyewe.

"Banne, na bote walikula hapa," ilikuwa sauti ya Papa Zakaria, mkubwa wa wavunja pesa, mtu mnene aliyekula mara mbili na kulalamika mara tatu. "Hii ni karuho."

"Karuho ya nani sasa?"

"Nani anapika?"

Mtu akacheka, kisha akaacha. Karuho ndiyo sumu ya polepole ambayo kwetu kila mtu anaiogopa na hakuna aliyeiona. Mtu anakupa chakula, unakula ukifurahi, unarudi kwako, siku zinapita, ndipo mwili unaanza kuungua na kukonda. Mama Hadija alikuwa ameinama juu ya sufuria hatua mbili kutoka kwangu. Aliendelea kukoroga. Sikuona uso wake, niliona tu mtandio ukiteleza begani na yeye asiupandishe.

Nikatoka nje na mikono yangu inachuruzika jusi. Nilifurahi, lazima niseme hivyo. Nilikuwa nimengoja mwaka mzima mtu aseme upumbavu wa ukubwa huo mbele yangu. "Papa Zakaria," nikamwambia, "hakuna karuho. Hiyo ni mikrobe."

"Aa! Profesa ametoka mu jiko."

"Ni kitu kizima, kinaishi, ila ni kidogo mno. Kinatoka katika choo cha mtu mmoja kinaingia mdomoni mwa mwingine. Kwa maji, kwa mikono, kwa chakula."

"Weye! Bantu biko banakula hapa."

"Umeuliza."

"Sikuuliza. Lakini sawa. Hiyo mikrobe iko na macho?"

"Haina."

"Inajuaje pa kwenda?"

Mabenchi yote yakacheka, nami nikaona ni swali zuri na nikalijibu vizuri. Niliwaambia haijui, inamezwa tu. Nyingi hufa katika uchachu wa tumbo, lakini zikiwa za kutosha baadhi hupita. Zinapenya ukuta wa utumbo. Pale zinakutana na askari wa mwili, chembe ambazo kazi yake ni kumeza wavamizi, na askari wanazimeza. Lakini hizi haziyeyuki. Zinakaa ndani ya tumbo la askari, zinazaana humo, na askari huyohuyo anazibeba hadi kwenye ini na wengu. Mtu bado anakula, anacheka, anavunja pesa. Baada ya wiki moja au mbili au tatu zinamwagika katika damu, na hapo homa inaanza kupanda, leo zaidi ya jana. Na hata mgonjwa akipona, nikasema, nikiwa nimechangamka sasa, kuna wachache ambao mikrobe hubaki kwao. Inajificha katika mfuko wa nyongo, inashuka kidogo kidogo kwenye choo, miezi, miaka. Mtu kama huyo haumwi kitu. Ni mzima kabisa, na anawapa wengine.

Papa Zakaria aliacha kutafuna. "Kwa hiyo ni muntu."

"Inaweza kuwa mtu, ndiyo."

"Anayetupa chakula."

"Inawezekana."

"Na yeye haumwi."

"Haumwi."

Hakuna aliyegeuka kutazama bati, na hilo lilikuwa baya kuliko kama wangegeuka wote. Nilirudi jikoni nikijua nimefanya kitu, bila kujua ni nini. Nimekifikiria muda mrefu tangu hapo. Nilidhani nimeondoa sumu na kuweka sayansi mahali pake. Lakini simulizi yao na yangu zilikuwa zinafanana kama mapacha. Mkono unatoa chakula, siku zinapita, mwili unaungua, na mwenye mkono yuko salama. Walikuwa wamepata karibu yote kwa kutazama tu, bila darubini. Walichokosea ni kitu kimoja, nia. Walidhani nyuma ya mkono lazima kuwe na moyo unaochukia. Mikrobe haimchukii mtu. Inaishi, basi, na kuishi kwake ni homa ya mwingine. Hilo ndilo nililotakiwa kuwaambia kwanza na kurudia, nami nililiacha kwa sababu kwangu lilikuwa wazi mno.

Baada ya siku hiyo wateja hawakutaka tena Mama Hadija aonje. Kijiko chake hakikuwatosha. Walitaka nionje mimi, msomi, mpwa wa mwenye malewa, ambaye hakuna aliyekuwa na neno naye. Nilionja mchuzi, nilionja maharagwe, nilionja jusi, nikizunguka meza kama padri na kikombe. Shangazi Feza, akiona mabenchi yanapungua, alimwomba rafiki yake akae na moto na kuni, apike tu, asigawe. Ugawaji ukawa wangu. Kachumbari ikawa yangu. "Mukono ya Lisansie ni safi," Papa Zakaria alisema, akinyoosha sahani. Nilinawa. Ninataka niseme nilinawa, kwa maji ya pipa na kwa sabuni ilipokuwapo, kama watu wote, labda kuliko watu wote. Homa zikaongezeka. Hakuna aliyeuliza kwa nini zinaongezeka wakati mkono umebadilishwa, hata mimi, niliyekuwa nikiuliza kila kitu. Nilimtazama Mama Hadija akipuliza moto na nikaanza kufikiria, kwa huzuni ya kisayansi, mfuko wake wa nyongo.

Kisha Neema akaugua. Tulilala kitanda kimoja na usiku niliusikia mwili wake kama jiwe lililoachwa juani. Shangazi Feza aliacha kuimba. Neema alipoanza kutapika na tumbo lake likawa gumu kama ubao, walimpasua. Utumbo ulikuwa umetoboka, kwani hapo ndipo mikrobe hizo hula ukuta hadi uachie. Aliishi. Kovu lake linaanzia kitovuni na kupanda, na mpaka leo akicheka sana hulishika. Siku ile ya upasuaji, nje ya hospitali, Shangazi aliniambia bila kunitazama: "Jumapili ninamwambia Mama Hadija aende kwa binti yake. Wote banasema. Siwezi kufunga macho, mutoto wangu amepasuliwa." Miaka yao yote ya chumvi na ugomvi ilikuwa imefika hapo. Nikamsihi angoje. Nikamwambia nina njia ya kujua kweli.

Rafiki yangu wa chuo alifanya kazi katika labo ya Bukavu ambako waliweza kuotesha mikrobe kutoka kinyesi, si kubahatisha kwa damu. Nilileta vikopo vitatu vyenye vifuniko, kwa ajili ya wanawake watatu wa jikoni. Shangazi alichukua chake bila neno. Mama Hadija nilimkuta chumbani, ameketi kitandani, na ilinibidi nimweleze mwanamke wa umri wa bibi yangu kwamba nataka choo chake kwenye kikopo. Alikitazama, akakigeuza, akafungua kifuniko, akafunga.

"Mwanangu," akasema, "minye nilikupikia. Nilikufulia ulipokuja na nguo chafu za Bukavu. Sasa unataka mavi yangu?"

"Ni ili wakuache, mama."

"Na yako?"

"Na yangu pia." Nilimwonyesha kikopo cha tatu. Nilikuwa nimekileta ili asione aibu peke yake. Ilikuwa adabu tu, kama kuonja.

Akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akaficha uso kwa mtandio. "Haya. Twende wote. Wasomi munapenda mambo machafu."

Rafiki yangu alipiga simu nikiwa labo, nikiosha vioo. Alianza kwa kunisalimia sana, kisha akasema wawili ni safi. Nikauliza yupi si safi, Shangazi au Mama Hadija. "Weye uliumwa tifoide pale home, bweni ya chuo, unakumbuka?" akasema. "Mwaka wa pili. Tulikuletea machungwa." Nilikumbuka. Niliumwa, nikanywa vidonge, nikapona, nikajisifu. Maji yalikuwa yanaendelea kutiririka juu ya kioo nilichokishika, na nilikiona kidole changu kupitia kioo, kikubwa, cha waridi. Nikahesabu nyuma: jusi ilianza nilipofika, homa zikaanza wiki chache baadaye, zikaongezeka nilipopewa sahani zote. Mtoto wa shule ya msingi angeliona. Mimi mwenyewe niliwaambia mezani kwamba mtu kama huyo ni mzima kabisa, na nilipokuwa nikisema hivyo mikono yangu ilikuwa inadondosha jusi kwenye sakafu yao.

Sikuwa nimefanya kosa lolote ambalo ningeweza kuomba msamaha. Hiyo ndiyo aina ya aibu niliyokuwa siijui. Kosa lina mlango wa kutokea. Unasema nilifanya, sitafanya tena. Lakini mwili wangu ulikuwa ukifanya hata nikiwa nimelala, karibu na binamu yangu, bila mimi, bila nia yangu. Nilijiona kama choo kinachotembea. Nilikaa siku nzima bila kugusa kitu, nikala kwa kijiko changu, nikakifunga kwenye mfuko. Kesho yake, saa ya chakula, nikasimama mbele ya ile meza ya zabibu. Shangazi alikuwa mlangoni. Mama Hadija alikuwa jikoni, nyuma ya bati, na moto wake ulikuwa umenyamaza.

"Tumepimwa wote watatu," nikasema. "Mama Hadija hana kitu. Shangazi hana kitu. Mikrobe iko kwangu. Mulikuwa munaugua kwa jusi yangu."

Papa Zakaria aliinama akanitazama kutoka chini, kama mtu anayetafuta mahali palipopasuka. "Weye haumwi," akasema.

"Ndiyo maana yake. Niliwaeleza."

"Weye ulionja mbele yetu. Kila siku."

"Kuonja hakuonyeshi kitu. Niko nayo tayari."

"Sikia, binti." Sauti yake ikawa ya upole, upole ambao sijausahau. "Mwenye sumu hakubali hata umuchome moto. Weye umekuja mwenyewe, umesimama, umesema ni minye. Basi si weye. Tunajua unamupenda ule mama. Roho yako ni nzuri." Na mabenchi yote yakakubali, wakatikisa vichwa, na mmoja akasema nimelelewa vizuri. Mwingine akanong'ona kwamba yule mama mzee ni hatari, amefika hadi kumfunga mtoto wa watu kwa uchawi amsemee. Nilipaza sauti. Nilitaja nyongo, utumbo, kinyesi, mbele ya sahani zao, na kadiri nilivyojichafua ndivyo walivyonihurumia. Shangazi akanishika mkono, akaniingiza chumbani, akafunga mlango.

"Usirudie tena hayo maneno," akasema. "Bado haujaolewa."

"Shangazi, ni kweli."

"Sikuuliza kama ni kweli."

Alikuwa ameamini, nafikiri. Alilia, na hakunigusa uso kama alivyozoea. Lakini alikuwa na mpwa mmoja na rafiki mmoja, na watu walikuwa wamekwisha kumchagulia. Na mimi? Nilikaa kwenye kile kitanda nikisikia wateja wakirudi kula, na kifuani mwangu kitu kikalegea. Nilipumua. Nilikuwa nimesema kweli kwa sauti kubwa mbele ya mashahidi, na haikunigharimu kitu. Katika mambo yote ya mwaka ule, pumzi hiyo ndiyo ninayoionea aibu kuliko mikrobe. Mikrobe haikuwa mimi. Pumzi ilikuwa mimi.

Mama Hadija aliondoka asubuhi nikiwa labo. Sikuwahi kujua kama alinisikia siku ile, au kama alinisikia na kuniona mwongo mwema, kama wengine. Nilipata vidonge vya wiki nyingi, nikapimwa, nikapimwa tena, rafiki yangu wa Bukavu akichoka kuniambia neno safi. Sikurudi jikoni, homa zikakoma, na mpakani walisema zimekoma kwa sababu mzee ameondoka.

Na sasa, kwenye kilio cha Shangazi, Mama Hadija alikuwa ameketi chini ya turubai, kwenye kiti, kwa sababu magoti yake hayakukubali mkeka. Alikuwa amekuja kutoka Buyenzi na mfuko wa mchele kumlilia mwanamke aliyemfukuza. Papa Zakaria, mwembamba siku hizi, alimwamkia kwa heshima ya mtu aliyesahau alichosema. Nilimaliza jusi. Nilinawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko, nikachemsha maji na kuyapooza, mambo yote, ingawa vipimo vyangu vya miaka mingi vilisema haikuwa lazima. Neema alibeba vikombe, mimi nilibeba jagi. Mbele yao nilimimina kidogo, nikaonja, kama adabu inavyotaka. Nikasikia Papa Zakaria akisema, "Jusi ya Lisansie! Nilidhani nitakufa bila kuinywa tena," na watu wakacheka kidogo kama watu wanavyocheka kwenye kilio. Nilimimina kikombe baada ya kikombe hadi nikafika kwa Mama Hadija.

"Pole, mama," nikasema.

"Pole na weye, mwanangu. Umenenepa." Alinishika kidevu, akanitazama vizuri. Kisha, nilipoinamisha jagi, akafunika kikombe chake kwa kiganja.

"Hii sinywi."

Neema akaweka mkono tumboni, pale kwenye kovu. "Mama Hadija, jamani, si ameonja mbele yako?"

"Nimemuona. Hata zamani alionja." Hakusema kwa hasira, alisema kama anayekumbusha njia. "Alisimama pale kwenye meza, akasema iko kwake, mu tumbo yake. Nilikuwa nyuma ya bati, nilisikia yote. Bao hawakumuamini. Minye nilimuamini."

Jagi lilikuwa zito mkononi mwangu. Nilitaka kumwambia kuhusu vidonge, kuhusu kila kipimo, na nilikuwa na haki ya kumwambia. Papa Zakaria alikuwa akitazama ndani ya kikombe chake, ambacho alikuwa amekwisha kukinywa. Niliweka jagi chini, nikaenda ndani, nikarudi na chupa ya Fanta yenye kizibo chake na kifungulio. Niliifungua mbele ya macho yake, nikaifuta mdomo kwa kitambaa safi, nikampa bila kuonja.

Akanywa. Kisha akavuta kiti kilichokuwa kitupu karibu naye, akakipigapiga.

"Kaa," akasema. "Na unieleze tena. Ile ya nyongo sikuifahamu."